Mkono wa Plasta

Minofu minne ya samaki wa chumvi
imelala siku mbili ndani ya maji.
Mara sita nimeyamwaga, mara sita nimeyajaza,
ya mwisho kwa mkono wa kushoto,
maana wa kulia ulivunjika jana kwenye ngazi za posta,
na leo wifi yangu Edurne anakuja kula.

Koldo, mume wangu wa miaka thelathini na minane,
mhasibu wa kiwanda cha dagaa,
ajuaye bei ya kila kopo lililowahi kutoka Bermeo
na asiyejua chumvi yetu hukaa kabati gani,
amevaa aproni yangu, mifuko imegeukia ndani.

"Nianzie wapi?"
"Anza kwa kuvua saa."

Saumu punje tano, nikamwambia, zikate nyembamba.
Akazikata kama anayegawa urithi,
kila kipande sawa na mwenzake,
akivihesabu kwa midomo.
Mafuta ya zeituni kwenye chungu kipana cha mama.
Moto mdogo. Mdogo zaidi. Koldo, mdogo!
Pilipili moja kavu, pete tatu, basi.
Saumu ikiwa na rangi ya mchanga, itoe.
"Mchanga mkavu au uliolowa?"
Nikatazama dari.

Sasa minofu, ngozi juu.
Mafuta yanong'one, yasigombe.
Kwa mnong'ono huo mchuzi ukaitwa pilpil,
ingawa pilipili yenyewe ni hizo pete tatu.
Mchuzi wa kijani una kotimiri ya kuusaidia,
mwekundu una pilipili hoho zilizokaushwa;
huu hauna wa kuutetea.
Hauna unga, hauna yai.
Ni mafuta, na ute unaotoka kwenye ngozi,
wawili wasiopatana
mpaka mtu awatikise.

"Kijiko kiko wapi?"
"Hakuna kijiko. Epua, poza kidogo, tikisa."

Akatikisa kama anayemwamsha mlevi.
Mafuta yakaruka mpaka kwenye kalenda,
yakatua juu ya siku ya daktari.
Polepole, nikasema, mduara.
Mduara gani? Mduara tu!
Dakika tano. Kumi. Mafuta yamebaki mafuta.
"Haushiki."
"Utashika."
"Nitie unga kidogo, Edurne hatajua."
Edurne alijua mimba yangu kabla yangu.

Nikainuka kumwonyesha, nikakuta sina maneno.
Mama hakunifundisha kwa maneno;
alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko.
Basi nikasimama nyuma ya Koldo,
kidevu begani pake, harufu ya saumu na sabuni ya ndevu,
mkono wangu wa kushoto juu ya wake,
tukazungusha.
Hivi. Usisukume. Kiache kizunguke chenyewe.
Na ndani ya plasta, hata sikukiamuru,
kifundo changu kilikuwa kikizunguka nacho,
kwa maumivu, kwa mazoea.

Ukaanza pembeni.
Utepe mweupe, kama pumzi kwenye kioo cha dirisha,
halafu wa pili, halafu chungu kizima kikapauka,
kizito, rangi ya pembe ya ndovu,
na mafuta hayakuonekana tena yalikokwenda.

Koldo alinyamaza.
Mtu huyu huzungumza hata usingizini, alinyamaza.
Kisha akasema, "Nilidhani ni maziwa."
"Nini?"
"Miaka yote hii. Nilidhani unatia maziwa."

Nilicheka mpaka plasta ikagonga meza.
Akachovya ganda la mkate, akanilisha,
mchuzi ukamtiririkia mpaka kwenye kiganja.
Mkono mtupu haulambwi,
na ule haukuwa mtupu.

Kengele ya chini ikalia. Ikalia tena.
"Ni Edurne," akasema, akitaka kuuachia mpini.
"Mwache angoje," nikasema.
"Ukitulia, unaachana. Tikisa."